Asali ya Mwalimu wa Kuzamia

Mwanangu Zena,

Nakuandikia huku wewe mwenyewe uko hapo uani unafua. Nasikia unavyoisugua ile suruali ya bluu, na unavyoimba huku unakosea maneno. Mimi niko barazani, nimeketi kwenye kiti cha cherehani, karatasi nimeilaza juu ya gauni la mteja. Ukija kuniuliza naandika nini, nitakwambia ni vipimo. Treni ni kesho. Barua hii nitaiingiza katikati ya nguo zako, uikute ukishafika Kigoma kwa shangazi yako Mwanvua, mahali ambapo siwezi kukukatiza wala wewe huwezi kunikatiza.

Habari za kula, za kulala na za kuvaa sweta siziandiki. Nimekusumbua nazo mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza kusema. Nataka kukujibu lile swali lako la juzi. Uliniuliza mbele ya watu, nikainama, nikaendelea kukanyaga cherehani kama sikusikia. Ukadhani nimekasirika. Ukaniletea chai ya tangawizi, ukaiweka, ukaondoka kwa kunyata.

Sikukasirika, mama. Nilikuwa sihisi kitu.

Sijui kama utanielewa. Tangu siku ulipokuja na habari kwamba umechaguliwa kujifunza kuzamia, mwili wangu umekufa ganzi. Napika, nashona, nacheka na wateja, lakini ni kama mkono ulioulalia usiku kucha, unauona ni wako na haukutii. Juzi hiyo hiyo sindano ya cherehani ilinipita kwenye ncha ya kidole. Niliiona damu kwenye kola nyeupe kabla sijajua kwamba nimejidunga. Nikangoja maumivu yaje. Hayakuja. Nikaifua kola, nikaendelea.

Ganzi hii naijua. Baba yako alipofariki ulikuwa bado unabebwa mgongoni, na mimi nilikuwa msichana tu, umri wangu haukupishana sana na wako wa sasa. Majirani wa hapa Kanyenye walisema, huyu mbona halii? Sikuweza. Nililia baadaye sana, siku moja nilipokuwa nachambua mchele, bila sababu yoyote. Kwa hiyo kama stesheni uliniona macho makavu, usichukulie kuwa sijali. Machozi yangu huchelewa kufika.

Sasa tuje kwenye ile asali uliyoikuta begini mwako.

Wewe uliiona chupa tu. Hukujua ilivyoanza. Ilianza siku nilipompigia simu mwalimu wako, yule Mwalimu Ezekieli. Sikukuambia. Nilitaka kuisikia sauti ya mtu atakayemshusha mwanangu chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni. Nilidhani atanipa maneno ya kunituliza. Akaniuliza, "Wewe ndiye mama wa Zena?"

"Ndiyo, mwalimu. Habari za huko?"

"Nzuri. Mama, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Binti yako anaogelea vizuri kuliko wengi. Lakini ana pupa. Siku tuliyowajaribu alitaka kuingia ziwani kabla sijamaliza kukagua mtungi wake. Nitamkataza mara nyingi. Kuna siku wenzake watashuka, yeye atabaki kwenye boti anawaangalia. Akikupigia analia, usinipigie mimi."

Basi, akakata. Hakunitakia hata siku njema. Nikabaki nimeshika simu. Mwanangu ana pupa? Mwanangu huyu niliyemlea mimi? Moyo wangu ulishika upande wako, kama wa mama yeyote. Nikasema mtu huyu ni mkavu, mtu huyu amekwisha kumchukia mtoto wangu, lazima nimlainishe. Wala sikufikiri zaidi ya hapo. Mjomba wako alipokuja kutoka Ipole na dumu la asali, nikachuja iliyo safi kabisa, ile ya mwanzo isiyo na moshi, nikaijaza kwenye chupa, nikaifunga kwa kipande cha kanga, nikaificha begini chini ya viatu vyako.

Nilimwambia Bi Tatu peke yake. Unamjua Bi Tatu, yeye ndiye aliyenifundisha kushona, na mpaka leo akipita hapa huishika mishono yangu akaikagua kana kwamba mimi bado ni mwanafunzi wake. Akanisifu. Akasema akilamba asali ya Ipole huyo, atamshika mtoto mkono mpaka chini.

Halafu juzi ikawa ile vurugu. Bi Tatu ameketi hapa barazani, wewe unapanga begi, na shangazi yako yuko kwenye simu, sauti umeifungulia tusikie wote.

Ukamwamkia Bi Tatu, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Haya, nasikia unakwenda kuzama."

"Kuzamia, bibi."

"Mtu akiwa chini ya maji na samaki wanampita, mimi hayo mengine siyajui."

Shangazi yako akacheka huko aliko mpaka simu ikakwaruza. Hapo ndipo mkono wako ulipoikuta chupa.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya mwalimu wako."

Shangazi akadakia kabla yako. "Wifi! Asali ya nini? Acha ushamba, mwalimu ana mshahara wake. Wanaotoa bakshishi ni watalii, wakishapanda juu wanaweka kwenye kopo pale kwenye boti. Sisi wa hapa tunasema asante, tunakwenda zetu."

"Asante inakaangwa?" akauliza Bi Tatu.

"Shikamoo Bi Tatu. Kumbe upo."

"Nipo. Na wewe mwenyewe ulipofundishwa kupika keki na yule mama wa Ujiji, ulimwambia asante ukaenda zako?"

"Nilimpa doti ya kanga. Lakini nilipomaliza, si siku ya kwanza!"

Nilicheka na mimi. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeikamata ile chupa kwa mikono miwili, ukaniangalia. Ukasema taratibu, "Mama, mimi sijashuka hata mara moja. Anapewa kwa lipi?"

"Ili akuangalie."

"Alinikataza siku ile ya majaribio. Alikwambia?"

Nikaanza kutunga uzi kwenye sindano.

"Kwa hiyo unamhonga asinikataze tena?"

Bi Tatu akageuza uso, akaanza kuangalia barabarani kama mtu anayengoja mgeni. Shangazi yako naye akasema mtandao unasumbua. Na mimi nikainama kwenye cherehani.

Hilo ndilo swali, Zena. Nimelitembeza kichwani tangu juzi. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupanga hoja, lakini nitakwambia kitu nilichokiona kwa macho yangu, hapa hapa kwenye baraza hii.

Unamkumbuka Siwema? Yule anayeuza mayai ya kuchemsha na karanga stesheni, anayeniita mwalimu. Ulikuwa mdogo, umeanza shule juzijuzi, alipoletwa hapa kujifunza kushona. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Juma lile lile alilokuja, mama yake akatuletea tetea, kamfunga miguu kwa kamba ya katani. Akasema, "Mwalimu, huyu mtoto wangu ni mpole, ukimfokea anaumwa kichwa. Mchukulie taratibu." Nikamshukuru. Tulikuwa na dhiki wakati ule. Yule tetea alitaga mfululizo, na mayai yake uliyala wewe, kila asubuhi kabla ya shule. Ulinenepa mashavu.

Sasa wewe umekulia kwenye cherehani, unajua mkono wa gauni ulivyo. Ukiuunganisha begani ukiwa na haraka, unajikunja, unakaa kama shavu la mzee. Dawa yake ni moja. Unamwambia mwanafunzi: fumua. Anafumua, anarudia. Akikosea, fumua tena. Bi Tatu alinifumulisha mkono mmoja mpaka kitambaa kikachakaa, nikalia, akaniletea kitambaa kingine akasema fumua na huo nao ukishakosea. Nilimchukia kwa moyo wote. Hivyo ndivyo nilivyojua kushona.

Siwema alipokosea, nilifungua mdomo niseme. Kukatokea yule tetea anapita uani, analia kama anayetaka kutaga. Neno likanirudi kooni. Nikasema, "Si mbaya, Siwema, utazoea." Alipokwenda kwao jioni, nikafumua mimi, nikaushona upya, kesho yake akaukuta umenyooka akafurahi. Akadhani ni kazi yake. Ikawa hivyo kila mara. Sikuwa nimeamua kumdanganya, naomba unielewe. Ilikuwa tu kwamba kila nilipotaka kumkazia nilimwona mama yake na ile kamba ya katani, nikaona aibu.

Alimaliza. Mama yake akauza mpunga, akamnunulia cherehani. Watu wakampelekea sare za shule, mikono ikajikunja. Wakampelekea gauni la bibi harusi mmoja wa Urambo, na hilo likarudishwa kwa matusi. Cherehani ikauzwa. Mpaka leo nikipita stesheni ananiamkia kwa adabu zote. Siku moja akaniambia huku anamenya yai, "Mwalimu, wewe ulinifundisha vizuri. Mkono wangu tu ndio mzito." 

Mkono wake si mzito. Nilisimama pale na yai nimelishika, nikalipa, nikaenda zangu. 

Sasa weka ziwa mahali pa gauni. Gauni likijikunja, mtu anatukanwa, basi. Chini ya maji nani atafumua? Huyo Ezekieli akishalamba asali yangu, siku utakayokwenda na pupa yako, hujakagua mtungi sawasawa, atafungua mdomo aseme "leo hushuki". Asali itamrudishia neno kooni. Ataona aibu. Atasema, si mbaya, atazoea. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimemziba mdomo, kwa mkono wangu, na kipande cha kanga yangu.

Nilitaka kumlainisha mtu huyo, Zena, na ule ukavu wake ndio kitu pekee alichonacho cha kukurudisha kwangu. Nilipolijua hilo nilikuwa nakata kitambaa. Nikaweka mkasi chini. Hata wakati huo sikutetemeka, nikaona tu kwamba ni kweli, kama mtu anavyoona kuwa mvua imekatika.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo. Nilikuwa namhonga. Nilikuwa sijui, lakini ndivyo.

Lakini na shangazi yako naye hajapata yote. Kusema ana mshahara, basi asante na safari, hapana. Mimi nilipomaliza kwa Bi Tatu, nilimpelekea kilemba chake, ile zawadi ya mwanafunzi aliyehitimu. Wewe hukuona, ulikuwa umelala mgongoni. Kilikuwa kitambaa cha kawaida, nimekipinda mwenyewe kingo zote nne, na kila upindo niliufumua mara moja kwa hiari yangu kabla ya kukubali. Majirani walikaa pale barazani kwake. Nikamtandazia begani. Akakigeuza, akaangalia upande wa ndani kama kawaida yake. Akasema, "Nimeridhika. Mkono huu nautambua." Halafu akanipa mkasi wake, huu ninaoutumia mpaka leo. Bi Tatu alikuwa amekwisha lipwa ada yake muda mrefu, kwa hiyo kile hakikuwa malipo. Ilikuwa ni kusimama mbele ya watu na kusema, huyu ndiye aliyenifundisha, na yeye kusema, huyu ndiye niliyemfundisha. Kama kazi yako ni mbovu fundi hawezi kukipokea kilemba, maana atakuwa amejitangaza pamoja na wewe.

Bi Tatu anayajua hayo kuliko mimi. Jana alirudi peke yake, hukuwepo, ulikuwa sokoni. Aliketi bila kuikagua mishono yangu, si kawaida yake. Mwishowe akasema, "Yule mtoto wako ana mdomo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikusifu kumpa mapema kwa sababu namwogopea. Usimsikilize mtu anayeogopa." Akachukua karanga zangu akaondoka. Kwa hiyo usimwekee kinyongo. Alikuwa na ganzi yake na yeye.

Mwalimu Ezekieli apewe. Apewe mwisho, ukishashuka na kupanda na kufanya kila anachotaka, akishakukataza mpaka ukamchukia. Apewe waziwazi, wenzako wakiona, na kiwe kitu ambacho ungeweza kutokitoa wala usiogope lolote. Hicho ndicho kipimo changu. Kama unatoa huku unajiuliza, nisipotoa itakuwaje, basi rudisha mfukoni.

Na siku itafika wewe ndiye utakuwa mwalimu. Naamini hivyo, sisemi kwa kukupamba. Watalii watapanda kutoka majini wamefurahi, wataweka chao kwenye lile kopo. Pokea, sema asante, wala usijifanye hutaki. Lakini mtu akikunyooshea kitu kabla hajaingia majini, eti umwangalie vizuri zaidi ya wenzake, mwambie asubiri. Na mkigawana usimsahau yule anayejaza mitungi. Umenisimulia nahodha, umenisimulia walimu, umenisimulia hata mpishi. Yule wa mitungi hukumtaja mpaka nilipouliza hewa inatoka wapi. Ukasema, "Ah, kuna mtu huko nyuma." Mwanangu, mtu huko nyuma ndiye anayekupa pumzi. Mjue jina lake siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo pupa aliyoisema mwalimu, kama ulitaka kuijua. Kuruka hapo nyuma ukimbilie maji. Umeirithi kwangu. Mimi niliruka mengi, nikiwa na umri wako, na aliyekuwepo wa kuniambia "leo hushuki" nilimwona ana wivu. Sijutii, maana katika kuruka huko nilikupata wewe. Ila kama ningepata mtu mkavu wa kunisimamisha kidogo tu ukingoni, labda ningeshuka nikiwa nimevaa vizuri.

Kesho tutafika stesheni mapema; ukisoma hii yatakuwa yamepita, lakini nayaandika hivyo hivyo. Tutanunua mayai kwa Siwema, ule njiani, treni ikichelewa Kaliua usilale na njaa. Babu wa babu yangu aliifuata njia hiyo mpaka Ujiji kwa miguu, mzigo kichwani. Wewe utasinzia, utaamka umefika. Ukipanda, nitakuita dirishani. Nitakwambia usiniinulie kidole gumba, kwa sababu ulinionyesha sebuleni kwamba kwenu wazamiaji maana yake unataka kurudi juu, na mimi nikikiona nitakushusha humo kwa nguvu, unanijua. Nitakuomba unifanyie ile ya duara, ya kidole gumba na cha shahada, ya kusema niko salama. Nimeifanyia mazoezi kwenye kioo. Nitakujibu.

Treni ikishaondoka, nitarudi kwa Siwema. Nitamwambia Jumatatu afunge biashara mapema, aje na kitambaa chake, chochote alichonacho. Nitamwambia mkono wake hauna tatizo, nitamwambia na habari ya tetea. Akinitukana sawa. Akija, nitamketisha kwenye kiti hiki hiki, atashona mkono wa gauni, nitauangalia, na nitamwambia lile neno.

Asali nimeitoa begini. Usiitafute, wala usidhani imeibwa kwenye treni. Iko juu ya kabati la vyombo, na kanga yake. Asali haiharibiki, mjomba wako anasema imeonekana ya miaka na miaka bado tamu. Siku utakayomaliza nitaibeba mwenyewe mpaka Kigoma, na Bi Tatu akiwa hai nitambeba na yeye. Tutasimama hapo ufukweni kama watu waliokuja kuposa, tumpe kilemba chake mbele ya boti zake, tumwone kama atakigeuza kuangalia upande wa ndani.

Kabla ya hapo nina ombi moja. Siku ya kwanza atakapokuambia "leo hushuki", wenzako wote wakaingia majini ukabaki kwenye boti peke yako, nipigie. Hata kama unalia, nipigie mimi, usimlaumu yeye. Nitakusikiliza mpaka umalize. Halafu nitatoka hapa barazani nimwite Bi Tatu, nimwambie, mtoto wangu anaangaliwa.

Naona umeacha kuimba. Umemwaga maji ya kusuuzia, sasa unaanika. Ngoja niifiche hii.

Kile kidole nilichojidunga kimeanza kuuma, Zena. Kimeanza sasa hivi, nikiwa naandika jina lako.

Ni mimi mama yako,
Hadija